Hesabu ya Matumaini: Shabiki wa Kilifi na Mechi za Mwisho wa Msimu

Kila mwaka, ligi za kandanda za Kenya zinapokaribia tamati katika miezi ya Aprili, Mei na Juni, shabiki wa Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa hukabiliwa na swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa mapenzi peke yake, nalo ni kama timu anayoiunga mkono bado ina nafasi ya kweli ya kuingia katika mechi za mchujo au kama nafasi hiyo imebaki katika mazungumzo tu. Swali hili hujadiliwa maskani, katika vibanda vya kuonyeshea mpira na pembezoni mwa viwanja, na mara nyingi majibu yake huwa mawili yanayopingana: wako wanaoapa kwamba timu itapanda hata jedwali la ligi likisema vingine, na wako waliokwisha kuizika timu ilhali mechi kadhaa hazijachezwa.

Kati ya pande hizo mbili upo msimamo wa tatu, ambao unaweza kuitwa matumaini yenye kipimo, yaani matumaini yanayojengwa juu ya alama zilizobaki, ratiba, hali ya kikosi na kanuni za mashindano. Msimamo huu una faida zaidi ya kumwepusha shabiki na aibu ya kutabiri vibaya. Matumaini yaliyozidi hugeuka haraka kuwa hasira dhidi ya wachezaji ambao huenda wamefanya zaidi ya uwezo wao, na kukata tamaa mapema huuacha uwanja mtupu katika wiki zilezile ambapo vijana wanahitaji sauti za watu wao. Kwa hiyo namna shabiki anavyokadiria nafasi ya timu yake si jambo lake la faragha tu, kwa kuwa mwishowe huonekana katika idadi ya watu wanaolipa kiingilio na katika hali ya wanaovaa jezi.

Ngazi za ligi na maana ya mchujo

Kandanda ya Kenya imepangwa kwa ngazi. Juu kabisa iko Ligi Kuu yenye timu 18, ambamo kila timu hukutana na kila mpinzani mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini, hivyo kwamba msimu mzima una mechi 34 kwa kila timu. Chini yake iko Supa Ligi ya Kitaifa, inayojulikana kwa kifupi kama NSL, kisha hufuata Ligi ya Daraja la Kwanza, Daraja la Pili, na hatimaye ligi za maeneo, za kaunti na za kaunti ndogo, ambako klabu nyingi za Kilifi huanzia safari yao. Timu inayoanzia chini kabisa, ikicheza katika uwanja wa Alaskan mjini Malindi au katika uwanja wa Kilifi uliopewa jina la mwanasiasa Emmanuel Karisa Maitha, aliyefariki mwaka 2004, hulazimika kupanda ngazi hizo zote, moja baada ya nyingine, kabla ya kukutana na Gor Mahia au AFC Leopards katika mechi ya ligi.

Kupanda na kushuka kati ya Ligi Kuu na Supa Ligi hutokea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja, ambapo timu mbili za mwisho katika Ligi Kuu hushushwa na timu mbili za kwanza katika Supa Ligi huchukua nafasi zao. Njia ya pili ni mchujo, yaani pambano la ziada linalofanyika baada ya ligi kumalizika, ambapo timu iliyoshika nafasi ya 16 katika Ligi Kuu hukutana na timu iliyoshika nafasi ya tatu katika Supa Ligi katika mikondo miwili, kila upande ukiwa mwenyeji mara moja, na mshindi kwa jumla ya mabao hucheza Ligi Kuu msimu unaofuata. Mchujo basi una nyuso mbili, kwa maana kwamba kwa timu ya chini ni mlango wa kupandia na kwa timu ya juu ni kamba ya mwisho ya kujiokolea, na shabiki anayezungumzia matumaini ya mchujo hana budi kubainisha kwanza ni uso upi anaoutazama.

Nchi nyingine zimeupanga mchujo kwa namna zao. Nchini Uingereza, ambako utaratibu huu ulianza mwaka 1987, timu za nafasi ya tatu hadi ya sita katika daraja la pili hugombea nafasi moja ya kupanda, na fainali yao huchezwa katika uwanja wa Wembley. Nchini Tanzania timu za mkiani mwa Ligi Kuu zilizonusurika kushuka moja kwa moja hulazimika nazo kujitetea katika mchujo, na ndivyo Coastal Union ya Tanga, bingwa wa Tanzania wa mwaka 1988, ilivyojikuta mwaka 2021 ikipambana na Pamba ya Mwanza ili isishuke, na ikafaulu kubaki. Mfano huo wa jirani unastahili kukumbukwa katika pwani ya Kenya, kwa sababu unaonyesha kwamba jina kubwa na kombe la zamani haviiepushi timu na hesabu za mwisho wa msimu. Wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka, na katika kandanda msemo huo una nguvu ya kanuni iliyoandikwa.

Pwani ilikotoka

Shabiki anayetaka kuyapima matumaini yake vizuri huanza kwa kuijua historia, kwa sababu historia humwonyesha yaliyowahi kuwezekana na yale ambayo ni nadra. Ubingwa wa ligi ya taifa umefika pwani ya Kenya mara moja tu, mwaka 1965, ulipotwaliwa na Feisal ya Mombasa, miaka miwili tu baada ya ligi hiyo kuanzishwa mwaka 1963. Tangu wakati huo makombe mengi ya ligi yamekwenda Nairobi na magharibi mwa nchi, na klabu za pwani zilizoingia katika ngazi ya juu zimekuwa zikipanda na kushuka bila kukita mizizi.

Klabu iliyovunja desturi hiyo ni Bandari ya Mombasa, inayomilikiwa na mamlaka inayosimamia bandari za Kenya na inayocheza katika uwanja wa Mbaraki. Baada ya kurejea Ligi Kuu mwaka 2013 ilitwaa kombe la ngao mwaka 2015, na katika msimu wa 2018/19, ikiwa chini ya kocha Bernard Mwalala, ilimaliza ligi katika nafasi ya pili nyuma ya Gor Mahia na kutwaa Ngao ya FKF, yaani ya shirikisho la kandanda la Kenya, kwa kuilaza Kariobangi Sharks mabao 3-1 katika fainali. Ushindi huo uliipeleka katika Kombe la Mashirikisho la Afrika, ambako iliitoa Ben Guerdane ya Tunisia kabla ya kuondolewa na Horoya ya Guinea. Kwa shabiki wa Malindi asiye na timu ya kaunti yake katika Ligi Kuu, Bandari imekuwa kwa miaka mingi ndiyo sauti ya pwani katika ngazi hiyo, na safari ya takriban kilomita 120 kutoka Malindi hadi Mombasa imekuwa gharama ya kuisikia sauti hiyo kwa karibu.

Historia hiyo ina funzo la wazi. Bandari haikufika nafasi ya pili kwa msukumo wa wiki za mwisho, bali kwa miaka sita ya kudumu katika Ligi Kuu, ikiwa na mwajiri anayelipa mishahara, uwanja wake wa mazoezi na kikosi kisichovunjwa kila mwaka. Klabu nyingi za Kilifi hazina nguzo hizo, na kwa hiyo shabiki wake anapotafuta dalili za matumaini afadhali aulize kwanza kama wachezaji waliocheza mwezi wa Oktoba bado wapo mwezi wa Mei.

Jedwali linavyosomwa

Jedwali la ligi huorodhesha timu kwa alama, ambapo ushindi huleta alama tatu, sare huleta moja na kushindwa hakuleti kitu. Utaratibu wa alama tatu kwa ushindi ulianzia Uingereza mwaka 1981 na kufikishwa katika Kombe la Dunia mwaka 1994, na lengo lake lilikuwa kuzifanya timu zitafute ushindi badala ya kuridhika na sare. Matokeo yake katika wiki za mwisho ni makubwa, kwa kuwa timu inayotoka sare mechi tatu huvuna alama tatu sawa na timu inayoshinda moja na kupoteza mbili, na hivyo timu isiyofungika kirahisi lakini isiyoshinda inaweza kuonekana imara huku ikiachwa nyuma.

Mfano wa kubuni unasaidia kuonyesha jinsi hesabu inavyofanyika. Timu ya kwanza ina alama 52 baada ya mechi 29 na timu inayoshikilia nafasi ya tatu ina alama 57 baada ya mechi hizohizo, huku kila moja ikibakiwa na mechi tano. Shabiki mwenye pupa husema kwamba alama 15 bado zipo na pengo ni la alama tano tu, na kwa hiyo kila kitu kinawezekana. Kauli hiyo ni kweli kihesabu, lakini haitoshi. Timu ya kwanza imekuwa ikivuna wastani wa alama 1.8 kwa kila mechi, na ikiendelea hivyo itaongeza alama tisa na kumaliza na 61, ilhali mpinzani wake, akiendelea na wastani wake wa karibu alama mbili kwa mechi, ataongeza kumi na kumaliza na 67. Ili kumfikia mpinzani asiyeyumba, timu ya kwanza italazimika kushinda mechi zote tano, na hata hapo itakuwa imelingana naye tu.

Kushinda mechi tano mfululizo ni jambo linalotamkwa kwa wepesi na kutendwa kwa shida. Ikiwa uwezekano wa timu kushinda mechi moja ni nusu kwa nusu, uwezekano wa kushinda zote tano ni mara moja tu katika kila mara 32. Hata timu bora sana, inayotarajiwa kushinda mechi mbili katika kila tatu, ina uwezekano wa takriban asilimia 13 pekee. Kwa upande mwingine, mpinzani naye si mashine. Akishinda mechi moja, akitoka sare mbili na kupoteza mbili, atamaliza na alama 62, na hapo timu ya kwanza itahitaji alama 11, yaani ushindi mara tatu na sare mbili, lengo gumu lakini lenye sura ya kibinadamu. Shabiki mwenye kipimo hasemi basi kwamba timu itapanda wala kwamba haitapanda, bali husema kwamba itapanda iwapo mambo mawili yatatokea pamoja, kisha huyataja mambo hayo na kuyafuatilia wiki kwa wiki.

Hesabu hubadilika pale timu hizo mbili zinapokuwa bado hazijamaliza kukutana. Mechi ya namna hiyo huitwa mechi ya alama sita, kwa sababu ushindi hupunguza pengo la alama tano kuwa mbili na kushindwa hulipanua kuwa nane, na tofauti kati ya matokeo hayo mawili ni alama sita kamili. Ndiyo maana jambo la kwanza la kutazamwa katika ratiba iliyobaki ni kama timu bado ina hatima yake mikononi mwake, au kama inalazimika kuwaombea wengine mabaya ili yenyewe ifanikiwe.

Jambo jingine ambalo mashabiki huligundua wakiwa wamechelewa ni tofauti ya mabao, yaani mabao yaliyofungwa ukiondoa yaliyofungwa dhidi ya timu. Katika msimu wa 2021/22 Tusker na Kakamega Homeboyz zilimaliza Ligi Kuu ya Kenya zikiwa na alama sawa, na ubingwa ukaenda kwa Tusker kwa tofauti ya mabao. Msimu uliofuata Gor Mahia ilitwaa taji kwa alama 70 dhidi ya 69 za Tusker, pengo la alama moja baada ya mechi 34. Mifano hiyo miwili inaonyesha kwamba bao la tano katika mechi ambayo timu imekwisha kuishinda mwezi wa Novemba si mapambo tu, kwani akiba haiozi, na bao la uzembe linaloruhusiwa katika dakika ya 90 ya mechi iliyokwisha kupotea linaweza kudaiwa miezi sita baadaye. Si kila ligi hutumia kipimo hicho, kwa mfano Hispania huangalia kwanza matokeo ya timu husika zilipokutana zenyewe, na kwa hiyo kanuni za kila ligi hazina budi kusomwa kabla ya kalamu kushikwa.

Ratiba, masika na safari

Alama zilizobaki hazina uzito sawa, kwa sababu kila mechi ina mpinzani wake, mahali pake na wakati wake. Timu iliyo mkiani na inayopigania uhai wake mara nyingi ni mpinzani mgumu zaidi mwezi wa Mei kuliko timu ya katikati ya jedwali isiyo na la kupoteza wala la kupata, ingawa nafasi zao katika jedwali zingemfanya mtu afikiri kinyume chake. Kocha wa timu ya katikati huweza kutumia mechi hizo kuwajaribu vijana, na vijana hao huweza kucheza ovyo au kucheza kwa moyo usio na hofu, hivyo kwamba makadirio ya mechi za aina hiyo hayana budi kuachiwa nafasi pana ya makosa.

Kwa timu za pwani, mahali pa mechi ni jambo zito kuliko kwa timu za Nairobi. Timu ya jiji kuu huweza kucheza mechi kadhaa za ugenini bila kuondoka mjini kwake, ilhali timu ya Mombasa husafiri takriban kilomita 480 ili kufika Nairobi na zaidi ya kilomita 800 ili kufika Kisumu. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 imeifanya safari ya Mombasa hadi Nairobi kuwa ya takriban saa tano, lakini timu kutoka Malindi bado huanza kwa barabara, na klabu ndogo isiyo na mfadhili mara nyingi husafiri usiku kucha kwa basi na kuingia uwanjani siku hiyohiyo. Ikiwa mechi tatu kati ya tano zilizobaki ni za ugenini magharibi mwa nchi, uchovu na gharama huingia katika hesabu, na shabiki anayehesabu alama bila kuhesabu kilomita huwa amefanya nusu ya kazi.

Wakati nao una athari zake. Mvua za masika katika pwani ya Kenya hunyesha kuanzia mwishoni mwa Machi, na mwezi wa Mei kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi, jambo linalomaanisha kwamba wiki za kuamua hatima ya ligi ndizo wiki ambazo viwanja vya udongo hugeuka tope na timu inayotegemea pasi fupi za chini hupoteza silaha yake. Mechi zikiahirishwa hurundikana, na timu yenye wachezaji 15 wa kutegemewa huanza kuumia pale inapolazimika kucheza mara mbili kwa wiki, wakati wapinzani wenye kikosi kipana hubadilisha wachezaji bila kutetereka. Mfungo wa Ramadhani nao, ambao husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, katika miaka ya karibuni umeangukia kati ya Februari na Aprili, na timu yenye wachezaji wengi wanaofunga hupanga upya saa za mazoezi. Mambo haya si visingizio, kwa sababu hujulikana kabla ya msimu kuanza na timu iliyojipanga huyatayarishia njia.

Siku ya mwisho ya msimu mechi zenye uzito hupangwa kuanza kwa wakati mmoja, na sababu ya desturi hiyo inaihusu Afrika. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1982 nchini Hispania, Algeria ilikuwa imekwisha kumaliza mechi zake za kundi wakati Ujerumani Magharibi na Austria zilipokutana mjini Gijón zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha zote mbili. Ujerumani Magharibi ikafunga bao la mapema, mchezo ukapoa, na Algeria ikaondolewa. Baada ya hapo FIFA iliamua kwamba mechi za mwisho za kila kundi zichezwe kwa saa moja, na haki hiyo ndiyo inayomlinda leo shabiki wa timu ndogo dhidi ya matokeo yanayopangwa kwa macho yakiwa kwenye jedwali.

Mchujo wenyewe

Ikiwa timu imefika mchujo, matumaini yake yapimwe upya, kwa sababu mikondo miwili ni shindano la aina nyingine kabisa. Kumbukumbu za Kenya zinaonyesha kwamba timu ya juu huwa na faida, lakini faida hiyo si hakika. Mwaka 2018 Nakumatt ilibaki Ligi Kuu baada ya kuishinda Ushuru, na mwaka 2019 Posta Rangers ilinusurika mbele ya Nairobi Stima. Lakini katika mchujo wa mwaka 2020 Vihiga United iliishusha Kisumu All Stars, ambayo yenyewe ilikuwa imepanda msimu mmoja tu uliotangulia. Timu ya Ligi Kuu huingia ikiwa na uzoefu wa kucheza na wapinzani wakubwa, lakini pia huingia ikiwa imechoka kwa vichapo, wakati timu ya Supa Ligi huingia ikiwa na desturi ya kushinda, na mara nyingi mkondo wa kwanza ndio unaofichua ni kipi kati ya hivyo kina nguvu zaidi.

Kutoka Uingereza ipo mifano miwili inayowafaa mashabiki wa kila mahali. Mwaka 2010 Blackpool ilimaliza daraja la pili katika nafasi ya sita, nafasi ya mwisho inayoruhusu kuingia mchujo, na ikapanda Ligi Kuu kwa kuilaza Cardiff City mabao 3-2 katika fainali. Mwaka 2023, katika daraja la tatu, Sheffield Wednesday ilivuna alama 96 na bado haikupanda moja kwa moja, kisha ikafungwa na Peterborough mabao 4-0 katika mkondo wa kwanza, ikashinda 5-1 nyumbani baada ya muda wa ziada, ikavuka kwa mikwaju ya penalti na hatimaye ikapanda. Mifano hiyo isichukuliwe kuwa ahadi, kwa sababu hukumbukwa kwa kuwa ni nadra, lakini inathibitisha kwamba anayeondoka uwanjani baada ya mkondo wa kwanza huenda akakosa jambo litakalosimuliwa kwa miaka mingi.

Yanayoamuliwa nje ya uwanja

Nchini Kenya hesabu ya matumaini ina sehemu moja zaidi ambayo shabiki wa Ulaya huifikiria mara chache, nayo ni utawala. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la kandanda kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha, FIFA ikaifungia Kenya mwezi wa Februari 2022, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi wa Novemba mwaka huo. Katika mvutano huo APS Bomet na Fortune Sacco, ambazo zilikuwa zimepata nafasi ya kupanda kutoka Supa Ligi kwa jasho la msimu mzima, zilinyimwa nafasi hiyo shirikisho liliporejea na kutoyatambua matokeo ya kipindi hicho. APS Bomet ilirudi kazini na kupanda mwaka 2025, na ustahimilivu huo unastahili heshima kuliko maneno mengi ya faraja.

Fedha nazo huamua. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha udhamini wake mwezi wa Agosti 2019 kutokana na mgogoro wa leseni, Ligi Kuu iliachwa bila mdhamini mkuu, na katika msimu huohuo wa 2019/20 SoNy Sugar, bingwa wa mwaka 2006, iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika katika mechi tatu. Timu ikiondolewa namna hiyo na matokeo yake kufutwa, wapinzani waliokuwa wameishinda hupoteza alama walizozipata kwake, na jedwali linaweza kugeuka bila mpira kupigwa. Masharti ya viwanja nayo yana uzito, kwani hata Bandari ilipofika mashindano ya Afrika mwaka 2019 iliwakaribisha wageni wake Nairobi, katika uwanja wa Kasarani, kwa kukosa uwanja wenye hadhi inayotakiwa Mombasa. Klabu ya Malindi au Kilifi inayoota Ligi Kuu inahitaji uwanja unaokidhi masharti kabla ya kupanda, kwa kuwa timu inayocheza mechi zake za nyumbani mbali na watu wake hupoteza kiingilio na sauti za mashabiki kwa pamoja.

Kazi ya shabiki

Kutokana na haya yote inawezekana kueleza kwa ufupi namna shabiki makini anavyofika katika uamuzi. Huanza kwa alama zilizobaki na pengo lililopo, akaangalia wastani wa timu yake na wa mpinzani, akahesabu mechi za nyumbani na za ugenini pamoja na kilomita zake, akauliza hali ya kikosi na ya hazina ya klabu, kisha akasoma kanuni. Akimaliza, huwa na jibu lenye masharti, na huwa tayari kulibadilisha kila Jumapili jioni matokeo mapya yanapoingia. Shabiki wa namna hiyo hana upungufu wa mapenzi, kwa sababu mtu hachukui taabu ya kuhesabu kitu asichokijali. Jibu hilo halifai kuwekewa dau, kwani uwezekano wa asilimia 13 unaofurahisha moyo wa shabiki unaweza kuifilisi familia ya mcheza kamari.

Kipimo hicho pia humfundisha jambo ambalo shangwe za mwisho wa msimu hulificha. Alama tatu za mechi ya kwanza zina thamani sawa na alama tatu za mechi ya mwisho, lakini mechi ya kwanza huchezwa mbele ya watu wachache na mechi ya mwisho hujaza uwanja. Timu nyingi za Kilifi ambazo hukosa mchujo kwa alama mbili au tatu huwa zimezipoteza alama hizo mwanzoni, zikicheza mbele ya viti vitupu, zikiwa hazijapata nauli kamili na wachezaji wake bora wakiwa kazini hotelini au baharini. Kwa hiyo shabiki wa Malindi, Kilifi, Mariakani au Mambrui anayetaka kuiona timu ya kaunti yake katika Ligi Kuu asingoje Mei ndipo aanze kuhesabu. Aende uwanjani msimu unapofunguliwa, alipe kiingilio hata mpinzani akiwa hana jina, awadai viongozi wa klabu taarifa za fedha na viongozi wa kaunti uwanja wenye hadhi, kwa sababu matumaini ya mwisho wa msimu huamuliwa kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanywa mwanzoni mwake.